Nina sauti ya nne, Desemba naimbishwa karaoke ya Kijapani: nianze na wimbo gani?

Swali lenyewe kwa kifupi: "Shikamoo mwalimu. Niko Nagoya tangu mwezi wa nne, nafanya kazi kiwandani. Desemba tuna bonenkai, ile sherehe yao ya kufunga mwaka, na bosi kashanitonya kwamba tukimaliza kula tunahamia karaoke na kila mtu lazima aimbe wimbo wa Kijapani. Nyumbani kwenye kwaya nilikuwa sauti ya nne. Hiragana na katakana nasoma, kanji bado zinanisumbua. Nimejaribu Pretender ya Official Hige Dandism maana kila mtu huku anaipenda, nilipofika kiitikio sauti ikapasuka vibaya. Naomba nyimbo rahisi kwa mwanaume mwenye sauti nzito."

Marahaba mdogo wangu, pole na hiyo Pretender. Hilo tulimalize kwanza maana naona limekukaa moyoni. Haikukushinda kwa sababu hujui kuimba. Ule wimbo wa 2019 umetungwa kwa koo la Satoshi Fujihara, na yule bwana anakaa juu kule ambako kwenye kwaya yenu mngewaachia kina dada, kiitikio kinavuka La iliyo juu ya Do ya kati na kinaendelea kuzunguka huko huko, sasa wewe sauti ya nne ukiufuata kwa kii yake ya asili (kii ni kimo cha wimbo mzima, juu au chini) lazima upasuke tu. Wajapani wanaume kibao unawapasukia pia. Mi nafundisha kuimba hapa Osaka na katika watu kumi wanaokuja kwangu wakisema "mwalimu mi sina sauti", tisa nakuta sauti wanayo, ila wamechagua wimbo wa mtu mwingine kabisa na hawajagusa kitufe cha kii.

Kwa hiyo kabla ya orodha ya nyimbo nataka tuongee hiyo kii, maana ndo jibu lako zaidi ya wimbo wowote.

Hii karaoke unayoiogopa imeanza na mtu mwenye shida kama yako. Daisuke Inoue alikuwa anapiga kinanda kwenye vilabu vya pombe pale Kobe, akajiwa na mkurugenzi wa kampuni ndogo, yule bwana anasafiri kwenda mji mwingine kuonana na wateja, anajua jioni wataishia mahali pa kunywa na ataambiwa aimbe, na sauti yake haikai sawa mpaka Inoue ndo ampigie kwa sababu Inoue anaijua. Inoue akamrekodia kwenye tepu nyimbo anazozipenda, kwa kii inayofaa koo lake, jamaa akaondoka na tepu na baada ya siku chache akarudi kicheko tupu. 1971 Inoue akatengeneza mashine yake, 8 Juke, akaanza na mashine 11 za kuweka sarafu, na wala hakuchukua hataza. Sasa ona: kusogeza kii ikufae wewe ndo mbegu ya karaoke yenyewe. Mtu akikuona unabonyeza flati, yani unashusha kii, asikutie aibu, unaitumia ilivyokusudiwa.

Fanya hivi leo jioni ukitoka kazini. Weka apu ya piano kwenye simu, tafuta Do ya kati (hapa nikisema Do namaanisha C ya piano, sio ile do inayohama ya solfa ya kwaya, tusichanganyane), afu imba "aaa" ukipanda noti moja moja, kwa sauti ya kawaida ya kuongea na mtu aliye chumba cha pili, usipige kelele. Ile noti ya mwisho unayoweza kuishikilia hesabu nne shingo ikiwa bado imelegea, hapo ndo paa lako. Watu wengi wa sauti ya nne paa linaangukia Re au Mi iliyo juu ya Do ya kati. Iandike.

Kwenye intaneti ya Kijapani ukitafuta jina la wimbo utakuta wameandika noti yake ya juu kabisa na ya chini kabisa, ila kwa namna yao: Do ya kati wanaiita mid2C, Mi ni mid2E, So ni mid2G, afu ukifika La haiitwi mid2A tena, inakuwa hiA, kwa sababu wao kundi la noti linaanzia A na sio C. Inawachanganya watu wengi sana hiyo. Sasa tuseme wimbo paa lake ni mid2G na lako ni mid2E. Hesabu kwa nusu hatua, yani kibonye kimoja kimoja cha piano, vyeupe na vyeusi: kutoka So unashuka Fa ya shapu, moja, Fa, mbili, Mi, tatu. Unabonyeza flati mara tatu. Mi huwa nawaambia wanafunzi waongeze moja ya akiba, kwa sababu usiku wa sherehe umeshakula, umeongea kwa kupiga kelele masaa mawili, koo sio lile la nyumbani. Angalia na noti ya chini lakini, ukishusha sana ubeti utazama mpaka maiki isikusikie, ndo maana mtu wa sauti nzito anatafuta wimbo ambao paa na sakafu yake haviko mbali, sio wimbo wa chini tu.

Na kitufe kilipo: mezani utakuta kitu kama tableti, mashine za DAM wanakiita denmoku, za JOYSOUND wanakiita kyokunavi. Tafuta neno "kii" limeandikwa kwa katakana, unaisoma hiyo, pembeni yake kuna alama ya flati inayofanana na b ndogo, ya kushusha, na alama ya shapu, ya kupandisha. Bonyeza moja ni nusu hatua. Hapo hapo jirani kuna tempo pia, na hiyo ni zawadi kubwa kwa mtu anayesoma hiragana polepole, kwenye mazoezi unaupunguza mwendo mpaka macho yako yawahi.

Jambo la pili ambalo nadhani hujalistukia: mdomo wako tayari unaijua hii lugha. A, e, i, o, u zao ni zetu. Karibu kila silabi inaishia na irabu kama kwetu. Shi, chi, nya, ukiziona zimeandikwa kwa herufi za Kilatini unazisoma kama unavyosoma Kiswahili na unapatia, wakati mwenzako kutoka Marekani anahangaika nazo mwezi mzima. Mpaka ile N inayosimama peke yake. Chukua neno kanpai. Kwa Kijapani ni mapigo manne, ka-n-pa-i, N ina pigo lake kamili, mtu wa Kiingereza anasema mawili tu, kan-pai, anajikuta amemaliza neno huku muziki bado uko njiani. Wewe unasema "mtu" na "nchi" kila siku, hiyo m na hiyo n unazipa pigo lake bila kufikiria, basi fanya vile vile. Irabu ndefu nazo unazo, "kaa" na "kondoo", mbili mbili. Vitu vya kujifunza ni vichache: tsu, ambayo sio "tu" wala "su", t na s zinatoka zimegandana, ile tsu ndogo ambayo haitamkwi, unasimama kidogo pigo moja kimya, na r yao, ulimi unagusa mara moja laini, usiikokote.

Kanji zisikutie hofu. Maneno yakipita kwenye skrini juu ya kanji wanaweka hiragana ndogo, na rangi inatembea juu ya maneno kadiri muziki unavyokwenda. Fuata rangi. Rangi ikikaa juu ya N, na wewe kaa juu ya N.

Haya, nyimbo sasa.

Ningekuwa mimi ndo wewe ningeanza na Ue o Muite Arukō ya Kyu Sakamoto, ya 1961. Ni dakika tatu tu hivi, mwendo wa mtu anayetembea, melodi nzima inacheza kwenye oktavu moja na kidogo. Jina maana yake natembea huku nikitazama juu, anatazama juu ili machozi yasidondoke. Wimbo wa huzuni umevalishwa melodi ya furaha, kwa hiyo hata sherehe haipoi. Nje ya Japani waliubandika jina Sukiyaki, ambacho ni chakula cha nyama na hakina uhusiano wowote na wimbo, na Juni 1963 ukakaa namba moja Marekani kwenye chati ya Billboard. Sakamoto mwenyewe alifariki kwenye ajali ya ndege ya Agosti 12, 1985, na wazee wakiusikia wengine hunyamaza kidogo kwanza afu ndo wanaanza kuimba na wewe, ukiona hivyo usishtuke, waachie nafasi.

Tuangalie mstari wa kwanza kwa karibu maana ukishaupata huo umeupata wimbo. U-e-o-mu-i-te, a-ru-ko-o. Mapigo kumi. Wanafunzi wangu wengi wanakosea kwenye "ue", wanaibana inakuwa "we". Ni u, afu e, kama unavyosema "ua" la bustanini, hakuna anayesema "wa". Na "ko-o" ya mwisho ishikilie mpaka rangi iishe. Mbele kuna sehemu ya mluzi, hakuna maneno ya kusoma kabisa, unapata kupumua, na kama mluzi huwezi wape meza nzima wapige, watapiga. Kosa moja tu la kuepuka: Sakamoto alikuwa na namna yake ya kuvunja vunja irabu, sauti inaruka kidogo katikati, watu wanajaribu kumuiga wanaishia kwenda nje ya noti. Iimbe imenyooka.

Wa pili ni Sekai ni Hitotsu dake no Hana, singo ya SMAP ya 2003, aliutunga Noriyuki Makihara. SMAP walikuwa wanaume watano wanaimba pamoja na sio wote walikuwa waimbaji wa kutisha, nasema kwa heshima, kwa hiyo melodi imewekwa mahali ambapo mwanaume wa kawaida anafika. Unahusu maua kwenye duka la maua, kila moja zuri kwa lake, hakuna haja ya kushindana nani wa kwanza. Japani nzima inaujua, watoto wanaufundishwa shule, kwa hiyo ukikwama sekunde tano tu kuna watu ishirini wameshakushikia. Kwa mgeni hilo ni kubwa kuliko urahisi wa noti, yani chagua wimbo ambao chumba kitaingia nao. Ubaya wake ni mrefu kidogo, na ubeti una maneno mengi ya kusoma, hapo ndo utumie tempo kwenye mazoezi.

Kama mabosi wako ni watu wazima, wa miaka sitini na kuendelea, basi sikiliza Kitaguni no Haru ya Masao Sen, 1977. Huu ni enka, zile nyimbo zao za nyumbani na pombe na kuondokana, na hapa kwaya yako inakulipa. Ngazi ya noti wanayoitumia sana kwenye nyimbo hizi wanaiita yonanuki, maana yake umetoa ya nne na ya saba. Kwa solfa: do, re, mi, so, la. Basi. Fa hamna, ti hamna. Umekulia kwenye ngazi hiyo hiyo, pambio ngapi za kwetu zinatembea kwenye noti tano hizo hizo, sikio lako litajua pa kwenda kabla macho hayajasoma. Watu wa enka wanapenda kuzungusha sauti kwenye irabu, inaitwa kobushi, na kama ulikua unasikia taarab uswahilini haitakushangaza, ila we usiiweke kwa lazima, mwaka wa kwanza imba noti zilizopo.

Na maneno yake, mdogo wangu, yanamgusa mtu aliye mbali na kwao. Kijana yuko mjini ambako hata huwezi kujua majira yamebadilika, mama yake kamtumia kifurushi kidogo. Mbele anawawaza kaka yake na baba yake, wanafanana, wote wawili sio waongeaji, anajiuliza kama siku mojamoja wanakaa wakanywa pamoja. Kila ubeti unaishia na kutamani kurudi nyumbani kule kaskazini kwenye majira ya kuchipua. Mwanafunzi wangu mmoja, fundi wa magari kutoka Mwanza, aliimba huu kwenye sherehe ya kazini kwao, kii imeshushwa mbili, macho kwenye skrini muda wote, na akaniambia msimamizi wake ambaye mwaka mzima alikuwa anamwamkia kwa kichwa tu alimfuata akamuuliza mama yake yuko wapi na anaendeleaje. Nakwambia hili kwa sababu umeniuliza wimbo rahisi, na wimbo unaouelewa unakuwa rahisi, pumzi inajua ikatike wapi.

Kanpai ya Tsuyoshi Nagabuchi nao ni mzuri kwa sauti nzito, upo kwenye albamu yake ya 1980 na akaurekodi upya kama singo 1988. Mwendo wa taratibu, nafasi za kupumua ziko wazi, na kanpai ndo lile neno mtakalolisema mkiinua glasi mwanzo wa sherehe. Unaimbwa sana kwenye harusi, kumtakia rafiki safari njema ya maisha, kwa hiyo kama kuna mwenzenu kazini kaoa mwaka huu au anahama tawi, mwimbie yeye. Kiitikio kinataka kifua, shusha kii mapema.

Kuna Linda Linda ya The Blue Hearts, 1987. Mwanzo anaimba taratibu karibu peke yake, halafu gitaa linalipuka na kiitikio ni neno hilo moja linarudiwa rudiwa huku watu wanaruka. Chumba kikiwa kimechangamka huu haushindwi, hamna anayesikiliza noti zako tena. Ila nakuomba, usikwaruze koo. Kelele itoke tumboni kama unamwita mtu ng'ambo ya mto, ukisikia muwasho kooni rudi chini mara moja. Na usiuimbe wa kwanza, uache mpaka watu wavue tai.

Cherry ya Spitz ya 1996 utaambiwa na kila mtu kuwa rahisi, na melodi kweli ni rahisi, ila Masamune Kusano anaimba juu, bila kushusha tatu au nne usiiguse. Chiisana Koi no Uta ya Mongol800, wale vijana wa Okinawa, 2001, naipenda mno, lakini kwenye ubeti maneno yamebanana, kwa kasi yako ya kusoma sasa hivi iweke mwaka ujao. Na kama unataka kuchekesha mabosi wazee kwa upendo, Yosaku ya Saburo Kitajima ya 1978, mtu anakata mti na kila baada ya mstari kuna mwitikio wa hei hei ho, meza yote itakuitikia bila kuombwa.

Nyimbo za wanawake zisahau kwa sasa, sio kwamba haziwezekani, ni kwamba ukishuka oktavu nzima unazama na ukikaa kwao unapasuka, inabidi upandishe au ushushe kii nne au tano mpaka uwapate, na hiyo ni kazi ya mtu ambaye keshaijua sauti yake.

Adabu ya mle ndani, kidogo tu. Kila mtu huwa na wimbo wake anaojulikana nao, wanauita ohako, na kwa kanji wanauandika kama namba 18. Muulize mwenzako mapema, kwa upole, ohako ya bosi ni ipi, na hata ukiuweza vipi usiuimbe. Usiwe wa kwanza kushika maiki na usiwe wa mwisho, wa tatu au wa nne ni pazuri. Mwenzako akiimba weka denmoku chini, piga makofi kwenye mdundo, maana wageni wengi wanatumia dakika zote za mwenzao kutafuta wimbo wao na watu wanaliona hilo. Zima hesabu ya pointi kama iko juu yako, ile saiten inapima kama umekaa kwenye mstari wa melodi, haijui kama chumba kimefurahi.

Mazoezi: nenda peke yako. Huku ni kawaida kabisa, ina mpaka jina, hitokara, mchana wa siku ya kazi bei iko chini, wanakupa chumba kidogo na wala hakuna anayekushangaa. Chukua nusu saa mara mbili kwa wiki, na wimbo uwe mmoja, nasisitiza mmoja. Mara ya kwanza washa gaido merodi, ile inayokupigia noti za kuimba kwa chini, punguza tempo, usiimbe kabisa, sema tu maneno kwenye mapigo yake. Ya pili imba bila kujali sauti. Ya tatu ndo ushughulike na kii, anza flati mbili, kiitikio kikikukaba ongeza ya tatu, ubeti ukizama rudisha moja. Ukiipata namba iandike kwenye simu pembeni ya jina la wimbo, "Ue o Muite, flati 3" kwa mfano, maana usiku ule taa ziko chini, watu wanapiga kelele, na muziki ukishaanza una sekunde kama kumi tu za kuibonyeza.